Maji ya Miguu

Bunia nzima ilijua kwamba Osée ni muongo, na ilimpenda kwa ajili hiyo. Kabla vita havijazichoma nyumba za video, yeye ndiye aliyesimama kando ya televisheni akizitafsiri filamu za Kiingereza. Kiingereza alikiokota Uganda, ng'ambo ya ziwa, miaka miwili ya kupakua samaki wa Tchomia. Lakini kutafsiri tu hakukumtosha. Mchina akimpiga mwenzake teke bila kusema neno, Osée alimpa maneno: "Hii ni ya mbuzi ya mama yangu!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani angeuliza ukweli hapo?

Kwa hiyo Jumapili ile ya mwaka 2004, Prophète Félicien, nabii wa kanisa alilosali Osée, alipopata kaseti ya Kiingereza, hakutafuta mtu mwingine. Kaseti ilitoka katika sanduku la mitumba, na juu yake kulikuwa na Mhindi mwenye ndevu, amevikwa mashada ya maua hadi kidevuni. Félicien hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Picha ile ilimtosha. Alitaka waumini wake waone kwa macho yao jinsi wapagani wanavyomwabudu binadamu.

Waumini wenyewe walikuwa wakimbizi watupu, watu wa Djugu waliotelemka mjini kwa miguu na vyungu vichwani. Kanisa lao lilikuwa mbao na maturubai ya bâche, mabenchi ya miti, na beseni ya bluu kando ya mimbari. Kila asubuhi Félicien alinawa mikono katika beseni hiyo, nao wakapanga mstari wakanywa, kikombe kimoja kimoja. Maji ya muhuri, aliyaita. Mwenye kuyanywa risasi haimwoni. Osée naye aliyanywa. Ukishamzika baba yako kando ya barabara ya Nizi kwa kuchimba na sufuria, utakunywa chochote unachopewa.

Halafu kulikuwa na chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, walichokiita chambre haute, chumba cha juu. Humo waliingia mabinti waliochaguliwa, wakakaa siku tatu kwa kufunga na maombi, na jamaa zao hawakuruhusiwa kuuliza. Siku hiyo, kaseti ikiisha tu, ilikuwa zamu ya Nadège, mdogo wake Osée, binti wa miaka kumi na tisa. Mama yao, Mama Godelive, alibadilisha kitenge chake cha mwisho ili apate kitambaa cheupe ambacho binti alitakiwa aingie nacho. Alikuwa amekikunja mapajani, anakipapasa. Tangu wafike Bunia, Osée hakuwa amemwona mama yake amefurahi namna ile. Kwa hiyo yeye pia hakuuliza.

Jenereta ikaanza kuunguruma nje. Kwenye televisheni akatokea yule Mhindi, ameketi kwenye kiti cha fedha. Watu wanamwosha miguu kwa maziwa. Mama mmoja akakinga kiganja chini ya kisigino chake, akanywa.

"Ekie!" kanisa zima likaruka. "Anakunywa! Anakunywa miguu!"

"Uchafu gani huu, Yesu wangu!"

Papa Gérard, mzee aliyekuwa na sikio moja tu linalosikia, akatema mate chini akayasugua kwa mguu. Mama Godelive alifunika mdomo kwa kiganja. Osée akaona pa kutia chumvi: "Anasema maziwa ya leo iko tamu, juu kidole gumba hakijaoga tangu Noeli!" Wakacheka na kutapatapa, na wengine wakaomba aache, roho zinawachafuka.

"Muone bapagani!" Félicien akapaaza sauti. "Shetani anabanywesha jasho yake, na bao banasema aksanti! Siye tuko na Mungu wa kweli!"

"Amina!"

Nadège alikuwa kwenye benchi la pembeni, karibu na kaka yake. Akamvuta shati. "Yaya," akanong'ona, "na siye asubuhi?" Akaitazama beseni.

"Nyamaza," Osée akasema. Lakini macho yake nayo yalikwenda kwenye beseni. Maji yalikuwa yamebaki nusu, na juu yake alielea nzi. Nyani haoni kundule, loo!

Ndipo kwenye televisheni akatokea mwanamke mmoja mwenye mvi, amevaa sari ya bluu, ameketi mlangoni kwake. Alisema polepole. Osée akatafsiri polepole.

"Anasema bibi yake alimufundisha kusali tangu iko mutoto. Anasema hakuna mungu wa kwabo aliyeomba kitu sawa vile. Huyu si dini yetu, anasema. Huyu ni mwanaume tu." Akatupa jicho kwenye pazia la nyuma. "Anasema huyo mwanaume alibaambia mabinti bakuje na kitambaa cheupe. Benye habajaolewa. Bafunge siku tatu, na nyumbani basiseme kitu, juu bakisema, baraka itageuka laana kwa mama yabo."

Kicheko kilikatika.

Félicien akasogea mbele ya televisheni. Uso wake ulikuwa unatabasamu, shingo haitabasamu. "Osée anatunga," akasema. "Munamujua, si munamujua? Mwenye alimupatia Mchina mbuzi?"

Wakacheka tena. Jamani, walicheka kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa mzigo wake! Ndiyo, Osée! Muongo wetu!

"Kweli ya Mungu, leo sitii chumvi!" Osée alipiga kelele. Miaka yote aliyosema uongo waliamini kila neno, au walijifanya. "Mama, weye unanijua. Nadège asiingie mule!"

"Ninakujua," Mama Godelive akasema, kichwa chini. "Ndiyo maana. Osée, mwanangu, usinipatishe haya mbele ya batu."

Hilo lilimuuma kuliko kicheko. Alimtazama mama yake, akatazama kile kitambaa cheupe.

"Muzime groupe!" Félicien akaamuru. Kijana mmoja akatoka mbio kuizima jenereta.

Lakini kabla jenereta haijanyamaza, yule mwanamke kwenye televisheni aliacha kusema. Akashika ncha ya sari yake, akaikunja, akajijaza nayo mdomo mpaka mashavu yakavimba. Akakaa hivyo, anatazama watu. Halafu akaitoa. Hapo hapakuwa na Kiingereza wala Kiswahili.

Kwenye benchi la mbele, la waimbaji, Espérance aliinama akatapika. Alikuwa ametoka chambre haute wiki mbili zilizopita, na tangu hapo hakuimba, wakasema ni upako umemwelemea. Alitapika maji matupu, maji ya beseni. "Ni vile," akasema, akashika mdomo wake. "Ni vile vile, na kitambaa."

Jenereta ikazimika.

"Pepo anamutoka!" Félicien akainua mikono. "Haleluya!"

Papa Gérard alikuwa anageuza sikio lake zima huku na huku, akiitafuta ile Amina.

Mama Godelive akasimama. Akaenda mpaka benchi la mbele, akapiga magoti, akakikunjua kile kitambaa cheupe. Akampangusa Espérance mdomo, akampangusa shingo na mikono, akafuta na matapishi yaliyokuwa sakafuni, taratibu, hakuacha hata tone. Kisha akakisuuza ndani ya beseni ya bluu. Akakikamua. Akainyanyua beseni kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya miguu ya Félicien.

"Muzee wa Mungu," akasema. "Kunywa."

Félicien akarudi nyuma hatua moja. Pua ilimkunjamana, midomo ikampinda, na kanisa zima lilimwona akishikwa na kinyaa. Akafungua kinywa, kikatoka kitu kama pumzi.

"Anasema nini?" Papa Gérard akauliza kwa sauti. "Osée, utafsiri, anasema nini?"

Osée alikuwa ameshamshika Nadège mkono.

"Hasemi kitu, Papa," akajibu.