Supu ya Nyongeza

Magdalena alikuwa na meza sita na sufuria mbili kubwa pale Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori ya Tunduma husimama kunywa supu ya mbuzi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiwatambua wateja wake kwa namna wanavyofunga breki. Dereva aliyezoea kula kwake aliongezewa upawa mmoja wa supu bila kuomba. Mgeni hakuongezewa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mgahawa, na hakuna mtu aliyeinung'unikia.

Kwa hiyo siku ile ya Novemba, mdogo wake Anselmi alipoketi meza ya pembeni, akatoa kadi ya rangi ya dhahabu kwenye pochi na kuilaza mezani kwa vidole viwili kama mtu anayelaza yai, Magdalena hakuhitaji kufundishwa sana.

"Hiki ni nini?"

"Hiyo ni hadhi, dada. Kwenye lile shirika la ndege mimi ni abiria wa Dhahabu. Imebaki safari moja tu, kwenda na kurudi, niwe Almasi. Juu ya Almasi hakuna kitu."

"Kuna Mungu," alisema Magdalena, akifuta meza kuizunguka kadi.

"Wewe cheka tu. Abiria wa Almasi anapanda ndege kabla ya watu wote."

"Akishapanda, ndege inaondoka?"

"Hapana, lazima isubiri wengine."

"Kwa hiyo unawahi kukaa ili uwasubiri waliochelewa."

Dereva mmoja wa meza ya pili, Ashrafu, mtu mnene ambaye alikuwa akienda Tunduma na kurudi tangu lami ile ikiwa na mashimo, alipaliwa na supu.

"Si hilo tu," Anselmi alisema, akimpa Ashrafu mgongo. "Uwanjani kuna chumba chetu maalumu. Masofa, vyakula, vinywaji, kila kitu bure."

"Nyumbani kwako hakuna sofa?"

"Lipo."

"Na chakula?"

"Dada, huelewi. Halafu kuna mizigo. Almasi anaongezewa kilo ishirini."

"Unabeba nini?"

Anselmi alitazama kibegi chake chenye magurudumu. Ndani yake mlikuwa na shati moja, mswaki na chaja ya simu.

Magdalena aliijua habari yote, maana mke wa Anselmi alikuwa amemlilia kwenye simu. Zamani kampuni ya pampu za maji iliyomwajiri Anselmi ilimtuma kila mwezi, leo Lusaka, kesho Johannesburg, na wakati huo kadi ilikuja yenyewe kama vumbi linavyomjia mtu wa barabarani. Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Mtu akisafiri kwa kazi, akaongezewa kilo mbili tatu na kikombe cha kahawa, apokee na kushukuru. Lakini miaka miwili iliyopita kampuni ilimweka ofisini na kumtuma kijana mwingine. Badala ya kushukuru kwamba sasa atalala kitandani kwake, Anselmi alianza kupanda ndege kwa fedha zake mwenyewe. Alikuwa akienda Johannesburg Ijumaa na kurudi Jumamosi. Hakuwa na mtu kule. Alikuwa anakwenda kuchukua pointi za kadi tu. Mtu mzima, ana mvi kidevuni, ana watoto wa sekondari.

"Sikiliza, Anselmi," Magdalena alisema. "Mimi pia nina abiria wa Almasi. Huyu Ashrafu hapa ni Almasi. Akija namwongezea supu. Lakini sijawahi kumwona akigeuza lori Tunduma, tupu, bila mzigo, arudi Mikumi kwa ajili ya upawa mmoja."

"Ningekuwa mwehu, mama," Ashrafu alisema.

"Mwambie mjomba wa watu."

Neno hilo, mjomba, ndilo lililokuwa limemtoa Magdalena usingizini wiki nzima. Binti yake, Naomi, alikuwa ameposwa na Lusekelo, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa ya Ruaha. Na katika ukoo wao, watu wa Kilosa wa tangu na tangu, baba hata akiwa hai haozeshi. Mwenye neno ni mjomba. Wageni wakifika, mjomba huketi kwenye kigoda, humwita binti na kumuuliza mbele ya watu, kisha husema ndiyo au hapana. Asipoketi mjomba, wageni hurudi walikotoka na mizigo yao.

Na walikuwa wamesharudi mara moja. Oktoba wazee wa Lusekelo walifika Kilosa kwa Bibi Regina, mama yao Magdalena, wakakuta kigoda kitupu. Anselmi alikuwa angani akitafuta pointi. Mshenga wao, Mzee Lupakisyo, mtu mpole asiyepandisha sauti, alisema wakati anavaa kofia: "Tutakuja tena mara moja. Tukikuta hivi hivi, tutajua tumejibiwa."

"Jumamosi ya kabla ya Krismasi," Magdalena alisema sasa. "Saa nne asubuhi. Nitakuona?"

"Utaniona. Safari yangu ni Alhamisi, Ijumaa jioni nimesharudi Dar. Jumamosi alfajiri napanda treni ya umeme, mapema tu niko Kilosa. Tena nitakuwa Almasi, dada. Naomi ataozeshwa na mjomba wa Almasi."

"Na hiyo safari huwezi kuiacha?"

"Mwaka wao unafungwa Desemba thelathini na moja. Nikiiacha narudi sifuri."

Magdalena alimtazama mdogo wake kama alivyokuwa akimtazama mteja anayerudisha chapati kwa sababu si ya duara. Kisha akachukua bakuli lake likiwa bado na supu chini.

*

Jumamosi ile mvua iliamkia Kilosa. Mto Mkondoa ulikuwa umejaa maji mekundu, na uani kwa Bibi Regina matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Magdalena alikuwa ameleta sufuria zake kutoka Mikumi kwenye pikapu ya kukodi. Tangu alfajiri alikuwa akisimamia mbuzi wawili, na aliyekuwa akiwachuna ni Bonifas.

Bonifas alikuwa kitinda mimba wa Bibi Regina. Alilima mahindi na vitunguu kule Munisagara, na alikuwa amefika tangu Alhamisi, akapasua kuni, akaziba bati lililokuwa linavuja. Hakuna aliyemwomba maoni juu ya jambo lolote. Bonifas alikuwa hajawahi kusema neno katika kikao tangu amalize darasa la saba, na watu walikuwa wamezoea kuwa hana la kusema.

Saa nne kamili wageni waliingia, Mzee Lupakisyo mbele na suruali yake kaikunja, Lusekelo nyuma akiwa na viatu mkononi. Walikaribishwa sebuleni, wakapewa chai. Shikamoo na marahaba zikazunguka chumba kizima, kila mtu kwa zamu yake. Kigoda kilikuwa chini ya dirisha, kimefutwa, kitupu.

Saa tano wakapewa chai tena. Saa sita Mzee Lupakisyo akasifia mvua. Saa saba hakukuwa na kitu kilichobaki cha kusifia.

Naomi alimfuata mama yake jikoni. Alikuwa amesukwa vizuri na macho yalikuwa mekundu. "Mama, wanatazamana. Wataondoka."

Hapo simu ya Magdalena ikaita.

"Dada! Shikamoo. Niko uwanjani Johannesburg."

"Uko wapi?"

"Ndege iliharibika jana, wametulaza hapa. Lakini usiwe na wasiwasi, mimi nina kipaumbele. Wametuweka kwenye chumba chetu."

"Walalahoi wako wapi?"

"Wako nje, kwenye viti vya chuma."

"Ndege yao imeondoka?"

"Ndege ni hiyo hiyo moja, dada."

"Kwa hiyo kipaumbele chako ni kuchelewa umekaa kwenye sofa."

Nyuma ya sauti ya Anselmi Magdalena alisikia vijiko vikigonga sahani.

"Niwekeni kwenye simu," Anselmi alisema. "Kwa video. Simamisheni simu kwenye kigoda, nitamuuliza Naomi kutoka huku huku."

Magdalena aliingia sebuleni na simu mkononi, akaufikisha ujumbe kama ulivyo, bila kuongeza kitu, kwa sababu haukuhitaji kuongezwa. Wageni walitazama kigoda. Mzee mmoja aliinamisha uso na mabega yakamtikisika. Mzee Lupakisyo hakucheka.

"Mama," alimwambia Bibi Regina kwa heshima, "sisi tumekuja kuoa kwa watu. Simu nasi tunazo." Akanyoosha mkono kuchukua kofia yake.

Bibi Regina alikuwa na umri wa miaka themanini na moja na alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi bila kusema. Sasa alimgeukia Magdalena.

"Nilizaa wana wa kiume wangapi?"

"Wawili, mama."

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Anakatakata nyama."

"Akanawe mikono."

Bonifas aliingia akiwa amevaa shati lile lile, damu ya mbuzi kwenye kiwiko. Alipoonyeshwa kigoda alitazama nyuma yake kuona anaonyeshwa nani. Kisha akaketi, magoti yakapanda juu, mikono ikakosa mahali pa kukaa. Magdalena aliziba mdomo kwa upande wa khanga. Aliogopa. Kulikuwa na maneno ya kusema pale, maneno ya kikao, marefu, na Anselmi aliyajua yote.

Naomi aliletwa akapiga magoti mbele ya mjomba wake. Bonifas alimtazama, akamtazama Lusekelo, akatazama miguu ya Lusekelo iliyokuwa bado na matope.

"Huyu," alisema, kisha akakohoa. "Huyu akikwambia anakuja, huwa anakuja?"

Hayakuwa maneno ya kikao kile. Naomi aliinua uso.

"Anakuja, mjomba."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua."

"Basi," Bonifas alimwambia Lusekelo. "Mimi nimekubali. Mchukue, baba."

Bibi Regina ndiye aliyeanza vigelegele. Mzee Lupakisyo aliirudisha kofia yake chini, akainuka, akampa Bonifas mikono miwili.

*

Anselmi alifika kesho yake jioni, Jumapili, jua likiwa limetoka kidogo na uani kumebaki sufuria zilizogeuzwa kichwa chini na harufu ya moshi. Alishuka kwenye bodaboda aliyoipanda stesheni, kibegi chake kikiwa mapajani. Alikiburuta matopeni mpaka magurudumu yakagoma, akakibeba.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, dada. Wageni wako wapi?"

"Marahaba," alisema Magdalena. "Wako kwao, Ruaha."

"Mmewaacha waondoke? Dada! Bila mjomba kuketi?"

"Mjomba alikaa."

Anselmi alifuata macho ya dada yake. Bonifas alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile uani akijaza baiskeli yake upepo kwa pampu, tayari kurudi Munisagara. Alitikisa kichwa kumsalimia kaka yake, akaendelea na kazi.

"Bonifas? Bonifas alisema nini?"

"Machache."

"Lakini nafasi ile ni yangu! Mimi ndiye mkubwa!"

"Ilikuwa yako," Magdalena alisema. "Abiria hakutokea, tukampa aliyekuwepo. Si ndivyo wanavyofanya na huko kwenu?"

Bibi Regina alimwita Anselmi akae karibu naye mkekani, akamshika mkono kama alivyokuwa akimshika utotoni.

"Mwanangu, huko ulikokwenda ulimwona nani?"

"Sikumwona mtu, mama. Sikutoka nje ya uwanja."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja."

Bibi Regina aliuachia mkono ule taratibu. Hapo simu ya Anselmi ikalia mlio mfupi. Aliitoa haraka, akasoma, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Magdalena aliona aibu kuitazama. Alifurahi kabisa.

"Nimepata," alisema. "Almasi. Wamethibitisha."

Kuku alipita. Bonifas aliipanda baiskeli, akaaga, akaondoka zake kwenye matope, akiyumba kidogo.

Magdalena alifunua sufuria ya mwisho. Nyama ilikuwa imekwisha jana. Kulikuwa na supu na mfupa. Alimimina upawa mmoja kwenye bakuli, kisha akamimina na wa pili, polepole, mpaka ukingoni, akamwekea mdogo wake mbele.

"Wa pili huo ni nyongeza," alisema. "Umesafiri sana."

Anselmi alianza kunywa. Alikuwa na njaa ya kweli.

"Hiyo Almasi ni ya mpaka lini?"

"Mwaka mmoja. Januari pointi zinaanza upya."

"Harusi ni Februari, Jumamosi ya pili. Hapa hapa Kilosa. Utakuja?"

Anselmi aliweka kijiko chini, akafungua kalenda kwenye simu yake, akaanza kuisogeza kwa kidole, mbele, nyuma, mbele tena. Magdalena alisubiri kidogo, muda wa kufunika sufuria tu. Kisha akaenda jikoni kuosha vyombo.