Seva Kwenye Kabati la Viatu

Jumamosi moja asubuhi, fundi wa mashine za fotokopi alitoa viatu vyote kwenye kabati la mlangoni, akatoboa matundu mawili ya hewa na moja la waya, akaingiza humo kompyuta kuukuu ambayo ofisi yao ilikuwa imeitupa. Alikuwa ameipangusa vumbi kwa brashi ya rangi na kuifungia diski mbili kubwa, ya pili ikihifadhi nakala ya kilichomo kwenye ya kwanza. Waya aliupitisha chini ya zulia hadi kwenye rauta iliyokaa juu ya friji. Kufikia saa sita mchana kabati lilikuwa likinguruma taratibu kama mtu aliyeshiba, na televisheni ya sebuleni ikaonyesha folda nne: Picha, Muziki, Mikanda, Mengineyo.

"Sasa kumbukumbu zote za familia ziko sehemu moja," alimwambia mkewe. "Unakaa popote ndani ya nyumba, unabonyeza, unaangalia."

"Na viatu?" aliuliza mkewe, ambaye alikuwa mfamasia na alipenda kujua kila kitu kinakaa rafu gani.

Viatu vilihamia chumbani kwa Dada.

Dada alikuwa amemzidi fundi miaka sita. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, na fundi alipooa alikuja naye, kama watu wanavyokuja na kabati la vyombo. Alipika, alifua, alipiga pasi, na tangu miaka minne iliyopita alimhudumia pia mama mkwe wa fundi, aliyekuwa amekuja kusalimia. Wote walikubaliana kwamba bila Dada nyumba ile isingesimama. Walilisema hilo mara kwa mara, wakiwa wamekaa.

Kulikuwa na mikanda ya video ishirini na tisa. Yote aliipiga Dada, kwa kamera ambayo baba yao alizawadiwa na wenzake wa kazini siku ya kustaafu, kwa hiyo hakuwamo hata kwenye mmoja. Fundi aliazima deki, akaanza kuinakili ndani ya seva mmoja mmoja, na wa kwanza ulikuwa wa harusi yake. Kazi ilipokwisha akakuta mafaili mawili. La kwanza liliitwa "Harusi". La pili liliitwa "Harusi – nyuma".

Alidhani ni ile nakala. Walipolibonyeza, wakaona harusi ileile, dakika ileile, ila kwa upande wa pili. Lilionyesha yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya kamera. Karibu kabisa kulikuwa na uso wa Dada, jicho moja limefumbwa, ncha ya ulimi imebanwa kwenye meno. Nyuma yake mpiga kinanda alikuwa amesinzia, na pembeni kidogo mama mkwe alikuwa akipanga vipande vya keki ndani ya mkoba wake, vile vyenye maua ya sukari kwanza.

Waliangalia hadi mwisho.

"Niliogopa vitaharibika," alisema mama mkwe.

"Sauti ni safi kuliko ya mbele," alisema fundi.

Alibadilisha waya. Alifuta faili, likarudi kabla hajasimama. Akaandika kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu wenye seva za nyumbani husaidiana, na mtu mmoja akamjibu siku hiyohiyo: "Yangu ilianza hivyo nilipoongeza diski ya pili. Hakikisha kuna nafasi ya kutosha, maana yatakuwa mengi."

Yakawa mengi. Kila mkanda ulizaa wa nyuma yake, na jioni baada ya kula familia ikawa haiangalii ya mbele tena. Mama mkwe alipata kiti chake maalumu, akashika rimoti, akawa anaiachia wakati wa kuoga tu. Dada aliangalia akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Kumbe nilikuwa na shingo ndefu," alisema siku moja, na hakuna aliyebisha.

Fundi peke yake ndiye aliyekuwa akihesabu mikanda iliyobaki. Ilipobaki mitatu, alitangaza kwamba ule ulioandikwa "Baba kustaafu" umeota ukungu na hautasomeka. Dada akauchukua, akaufungua kwa bisibisi ndogo, akausafisha pole pole kwa pamba na spiriti kutoka kwenye mkoba wa mfamasia. Ilimchukua siku mbili.

"Nataka kumwona baba," alisema, akimkabidhi.

Waliuangalia Jumapili mchana. Wa mbele ulikuwa kama walivyoukumbuka: baba yao na suti yake ya kijivu, wenzake wa kazini wakipeana zamu ya kumsifu. Kisha mama mkwe akabonyeza wa nyuma. Dada alitokea, umri wa miaka ishirini na miwili, jicho limefumbwa. Nyuma yake, getini, mleta barua alimpa bahasha kijana wa miaka kumi na sita aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri mno. Kijana aliifungua, akaisoma akiwa ameipa kamera mgongo. Akaikunja mara nne, akaitumbukiza ndani ya soksi, akazunguka nyumba kwenda kupigwa picha na baba yake.

"Rudisha kidogo, sijauona muhuri," mama mkwe alimwambia fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa mtu rimoti.

Fundi akarudisha. Juu ya bega la kijana barua ilisomeka vizuri kabisa.

"Chuo cha ualimu," alisoma Dada. "Mimi nilijua hawakunijibu."

"Dada, nilikuwa mtoto," alisema fundi. "Niliwaza ukienda, nani atabaki na mimi pale nyumbani."

"Nani atakupikia."

"Ndiyo. Na hilo pia."

"Ikaenda wapi?"

"Chooni."

Dada aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kawaida. Fundi akaanza kuifuta rimoti kwa pindo la shati. Mkewe aliuliza kama faili lile lisingekaa vizuri zaidi kwenye Mengineyo.

"Naomba uniprintie," alisema Dada.

Hilo fundi aliliweza. Kesho yake aliisimamisha picha pale barua ilipoonekana yote, akaikuza, akaichapa kazini kwa mashine bora kuliko zote, kwa rangi, karatasi nzito. Ilisema amechaguliwa, na kwamba aripoti tarehe sita Januari saa mbili asubuhi, akiwa na godoro, ndoo yenye mfuniko na vyeti vyake. Mwaka haukutajwa.

Tarehe sita Januari Dada aliamka mapema, akapika chakula cha mchana, akakiweka kwenye friji na kuandika juu ya kila kifuniko ni nini na kipashwe moto dakika ngapi. Cha jioni hakupika, kwa sababu hakutegemea kurudi. Akachukua godoro, ndoo na vyeti, akaondoka.

Karani wa usajili aliipokea barua na kuikagua kwenye mwanga. Akatoa kitabu kirefu chenye jalada la kitambaa, akapitisha kidole mpaka akalipata jina. Mbele yake palikuwa pameandikwa: hakufika.

"Umechelewa miaka thelathini na mmoja," alisema.

"Najua."

"Sababu ya kuchelewa?"

"Mdogo wangu."

Karani aliandika: mdogo wake. Kisha akaeleza kwa upole kwamba barua ni halali, nafasi ilikuwa yake, ila mwisho wa umri ni miaka thelathini na mitano na yeye ana hamsini na mitatu. Akafuta "hakufika", akaandika "alifika", akagonga muhuri. Dada alimshukuru. Alikaa kidogo juu ya godoro lake kwenye korido, akiwasikiliza wanafunzi wakijibu kwa pamoja darasani, swali moja baada ya jingine. Alikuwa anayajua majibu yote. Akainuka, akaondoka.

Alifika nyumbani saa moja jioni. Wote walikuwa mezani, sahani tupu zimepangwa.

"Mbona hamjala?" aliuliza.

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, wifi," alisema mfamasia, na alisema kwa moyo.

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti. Hakukubali kabisa Dada abebe tena lile godoro. Alilitwaa mwenyewe begani, akalipitisha mlango mwembamba, akaruka viatu, akalitandika kitandani na kulinyoosha pembe zote nne. Aliona ameanza vizuri kuomba msamaha. Alirudi mezani, akakaa, na kutoka jikoni akasikia jiko likiwashwa.