Gitaa Lililomnyamazia Mama Mkwe

“Itangazwe kwa umma wa Rockville, Sterling na viunga vyake: alasiri hii historia ya muziki wa dansi inaandikwa upya!”

Mtangazaji alikuwa Jelagat, mwenye miaka kumi na sita, likizoni kutoka shule ya bweni, na umma wenyewe ulikuwa kioo cha msalani katika ukumbi wa harusi ya kaka yake, huko Marekani. Sambusa ilikuwa bado mdomoni.

Historia yenyewe ilikuwa hivi. Bendi ya Anko Simiyu, iliyoalikwa kupiga harusini, ilikuwa imepata mpiga gitaa mpya, Tetsuya, Mjapani aliyejifunza rumba ya Kongo kwenye baa moja ndogo ya Osaka, akirudia santuri mpaka zikakwaruzika, kisha akahamia Marekani ili apige mbele ya Waafrika wa huko wanaoicheza kweli. Simiyu alimwambia wazi: leo ni mtihani. Ukiharibu, usirudi.

Tetsuya, mtu wa adabu, alimwuliza Jelagat kama kuna desturi ya kuzingatia. Jelagat, uso mzito kama wa askofu, akamjibu, “Iko moja tu, kaka. Sebene ikikolea, mama mkwe akisimama kucheza, gitaa linyamaze. Ni heshima.”

Uongo mtupu. Mama mkwe akisimama ndipo gitaa hupanda, likimfuata hatua kwa hatua.

Sasa sebene, ile sehemu ya rumba ambayo gitaa hukimbia na watu hucheza, ilikuwa imekolea. Vidole vya Tetsuya vilikimbia hata wapishi wakatoka jikoni na miiko yao. Simiyu akaanza kutabasamu. Hapo Jelagat akajuta, akaomba kimoyomoyo mama mkwe ashikwe na goti. Alimpungia Tetsuya mkono, lakini Tetsuya alikuwa akimtazama mtu mmoja tu.

Mama Dorothea, mama wa bibi harusi, alikaza kanga kiunoni, akasimama, akainua mikono.

Gitaa likanyamaza.

Tetsuya akainama kwa heshima. Mama Dorothea akabaki mguu mmoja hewani. Upande mzima wa bibi harusi ukaacha kutafuna.

“Amenizimia muziki?” Mama Dorothea akauliza. “Mimi? Nimewakosea nini watu hawa?”

“Samahani sana, mama,” Simiyu akasema, kisha akamgeukia Tetsuya kwa sauti ya chini. “Chomoa waya. Nani alikuambia unyamaze?”

Tetsuya alimwona Jelagat, aliyekuwa amejificha nyuma ya keki. Akashusha macho.

“Kosa ni langu.”

Akachomoa waya, akalilaza gitaa ndani ya kasha. Kifungo kimoja kikalia. Jelagat akachungulia juu ya keki. Cha pili kikalia.

“We binti!” Mama Dorothea akaita. “Keki hiyo ina ghorofa tatu. Hicho kichwa cha juu ni ghorofa ya nani?”

Ukumbi wote ukageuka. Jelagat akatoka, krimu puani.

“Ni mimi, mama. Nilimdanganya kwamba kunyamaza ni heshima. Yeye hakukosea hata kidogo. Anko Simiyu, tafadhali usimfukuze. Nilitaka tu tucheke.”

Simiyu akaokota waya, akamrudishia Tetsuya, na Mama Dorothea akakaza kanga upya.