Damu ya Tumbo Tupu

Chupa ya maziwa ilikuwa mkobani mwangu, bado vuguvugu, na mwanangu alikuwa akilia kwa njaa mapajani pangu. Korido nzima ya hospitali ilinitazama kama paka aliyefumaniwa na kifaranga mdomoni. Nikafunga zipu ya mkoba.

"We mama, mtoto anataka maziwa!" Mwanamke wa benchi la mbele alishindwa kuvumilia.

"Najua, dada. Leo hapewi."

Mwanangu tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa na miaka miwili na hajawahi kukaa wala kusimama. Alibebwa, alihudumiwa, na akikunja uso nyumba nzima ilisimama. Utani huo tuliuzua baada ya degedege la pili, machozi yalipotuishia. Kichwa chake kilikuwa kimegoma kukua. Mwaka uliotangulia daktari bingwa alimpima damu, akakuta kila kitu sawa, akafunga faili. "Kubali tu, mama," aliniambia huku akitafuta kifuniko cha kalamu yake. "Wengine huzaliwa hivi." Nikakubali. Nilikubali mwaka mzima, kwa adabu zote.

Aliyenivuruga ni mpima damu wa maabara ya hospitali hiyohiyo, mteja wangu, aliyeniletea suruali nimpunguzie kiuno. Alimwona Mkurugenzi mkekani, akasahau suruali. Akaniuliza hili na lile, kisha akachukua daftari langu la vipimo vya wateja na kuchora duara.

"Hii ni seli. Ngozi yake ni mafuta maalumu, fosfolipidi, na mengine hayaundwi bila kitu kinaitwa serini. Ubongo unaihitaji mno. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na sukari, kwa vimeng'enya vitatu vinavyopokezana kazi."

"Kama sisi mafundi. Huyu anakata, huyu anashona, huyu anatia vifungo."

"Hasa. Na mkataji asipokuja kazini?"

"Wengine wanapiga soga."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini serini huja na chakula pia. Siku ile ya kipimo, mtoto alikuwa amekula?"

Nikaacha kukanyaga cherehani. Walikuwa wameniambia nimlete bila kula. Na mimi, nje ya lango, nilimpa chupa nzima, nikamfuta midomo kwa upindo wa gauni. Ningempelekaje kwenye sindano na njaa juu? Muuguzi alipouliza, nilijibu hajaonja kitu.

"Kwa hiyo," nilisema polepole, "walikagua duka lililotoka kushusha nguo za kununua, wakasema fundi yupo, anashona."

"Huenda. Sikuahidi kitu, mama. Ila ikiwa ndivyo, serini ipo ya unga. Anakorogewa, anakunywa."

Miaka yote nilidhani upendo ni mkono unaopeleka chupa mdomoni. Sikujua kwamba mkono huohuo unaweza kumziba daktari macho.

Jioni ya kuamkia safari ya kurudi hospitali, mama mkwe alisimama mlangoni pa jiko. "Mgonjwa umlaze na njaa? Umekuwa mama wa kambo?"

"Kwa leo tu, mama. Kesho nitarudi kuwa mama."

Hakucheka. Lakini asubuhi alivaa viatu, akanifuata.

Sasa, pale koridoni, bingwa aliufungua mlango, akaliona faili mkononi mwangu. "Hili tulilifunga."

"Lifungue, daktari."

"Kipimo kilikuwa sawa."

"Kipimo kilikuwa sawa. Mwongo nilikuwa mimi." Sauti yangu ilifika mwisho wa korido, nami nikaiacha ifike. "Nilimpa maziwa nikasema hajala. Niandike mjinga, kwa wino mwekundu ukipenda. Lakini chini yake andika na kipimo cha serini, tumbo likiwa tupu."

"Nani amekufundisha maneno haya?"

"Mteja mwenye kiuno chembamba."

Kuna mtu alicheka benchini. Bingwa hakucheka. "Mama, nina wagonjwa wengine. Nenda nyumbani, mlishe mtoto."

"Siendi. Na huyu halambi hata tone mpaka damu yake itoke. Asiyeweza kuvumilia kilio chake, na anipe karatasi ya kipimo."

Mkurugenzi, kana kwamba amepewa zamu yake, alipandisha sauti hadi madirishani. Mama mkwe, ambaye hajawahi kuniunga mkono hata katika chumvi ya mchuzi, alisogea akasimama begani kwangu. Bingwa alitutazama mmoja mmoja. Akatoa kalamu.

Siku ya nne tuliitwa kusubiri majibu. Mpima damu alitoka maabara na karatasi moja, mstari mmoja umezungushiwa duara la wino mwekundu, yeye ambaye hubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Alitupita bila salamu, akausukuma mlango wa bingwa, akaingia, akauacha wazi nyuma yake.

Niliinuka na Mkurugenzi begani.

"Kaa chini, mwanangu," mama mkwe alininong'oneza. "Hatujaitwa."

"Tutakaa humo ndani, mama."

Akauchukua mkoba wangu, akatangulia.