Bei ya Kumkomoa Kuluthum

Cherop alikuwa ameoka mikate Naivasha kwa miaka tisa bila kumwonea mtu kijicho. Kisha mashamba ya maua yakapunguza wafanyakazi, unga ukapanda bei, wateja wake wakayeyuka. Ng'ambo ya barabara, mwoka mikate mwenzake, Kuluthum, alikuwa na foleni tangu alfajiri. Foleni, jamani, na watu hawana kitu mfukoni! Cherop akashikwa na kijiba cha roho, hata chai ikakataa kushuka.

"Anauza nusu mkate," alisema Kiplimo, mumewe. "Mtu ananunua chenye anaweza. Si na sisi tukate?"

"Nimuige yule? Afadhali nifunge."

Akashusha bei kutoka shilingi sitini na tano hadi arobaini na tano, chini ya gharama yenyewe. Kuluthum akifunga, bei itarudi. Kiplimo alimkumbusha kwamba biashara haigombi, lakini alikuwa akiongea na ukuta. Cherop akauza pikipiki ya kusambazia mikate, akanunua unga.

Wiki ya tatu, moshi wa oveni ulikatika kwa Kuluthum. Cherop aliimba siku nzima. Kwake mikate ilikuwa ikiisha mapema, kreti kwa kreti, ikichukuliwa na mchuuzi aitwaye Ogola ambaye alisema anapeleka mtaa wa Kihoto. Lakini ile foleni ya ng'ambo haikupungua hata mtu mmoja, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Siku unga ulipomwishia, alivuka barabara akajionee. Juu ya meza ya Kuluthum ilipangwa mikate ya Cherop mwenyewe, imekatwa nusu nusu, kila nusu shilingi thelathini na tano na kikombe cha chai.

"Karibu, dada," Kuluthum alisema, bila hata chembe ya kejeli. "Nilizima oveni. Kwa bei yako, kuoka ni kujiumiza tu, so nikamtuma Ogola. Kesho utuongezee kreti tano?"

"Unga umeisha," Cherop alisema. "Na pesa pia."

Kuluthum akaelekeza kidole nyuma yake.

"Mimi niko na magunia sita yamekaa tu hapo nyuma. Nikuletee, uoke, nikulipe kwa kila mkate?"

Wivu ulimchoma Cherop mpaka machozi yakamlengalenga. Alitafuta tusi la kumtosha yule mwanamke, akalikosa.

"Leta matatu kwanza," akasema.