Unga wa Bosi

Nyumba ile ilikuwa na sheria nyingi zilizovunjwa kila siku na moja isiyovunjwa kamwe: karanga haziingii. Si mbichi, si za kukaanga, si zilizosagwa. Sheria hiyo iliwekwa siku mjukuu alipolambishwa nusu kijiko cha karanga kwa jirani, uso ukavimba kama boga na macho yakapotea kabisa. Waliokimbia naye zahanati siku ile hawajaisahau sauti ya pumzi yake. Wakati huo alikuwa na miaka miwili. Sasa alikuwa na minne, ana maneno mengi na amri nyingi zaidi, na nyumba nzima ilimwita Bosi.

Tangu siku ile mama yake Bosi, karani wa shule, alinunua karibu kila kitu supamaketi. Alipenda paketi. Aliigeuza, akasoma maandishi ya nyuma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayekagua majina ya wanafunzi. Asipoona palipotajwa karanga, ndipo aitie kikapuni.

"Paketi haioni haya kuniambia ukweli, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Muuzaji ukimuuliza atasema hamna, hamna, ili mradi auze."

Bibi hakumbishia. Kwake yeye maandishi yale yalikuwa mistari ya sisimizi, hata akivaa miwani. Na supamaketi yenyewe hakuichukia. Kuna siku kandambili yake ilikatika kulekule ndani, msichana wa kaunta akaacha foleni ikinung'unika, akaja kuifunga kwa uzi wa nailoni. Bibi humwombea heri mpaka leo. Ila kule ukishapita kaunta, umepita. Hakuna aliyejua kama una mjukuu. Sokoni safari ya vitunguu vitatu ilimchukua asubuhi nzima, maana kila meza ilikuwa na habari zake, na yeye alizipenda habari kuliko vitunguu.

Kitu kimoja tu cha Bosi ndicho kilitoka sokoni, nacho ni unga wa uji. Ule wa paketi Bosi aliukataa katakata. Alisema una ladha ya daftari. Wakambembeleza, wakatia sukari, wakatia maziwa, mtoto akafunga mdomo kama mlango wa benki. Ndipo Bibi akaenda kuongea na msagaji, mwanamume mwembamba aliyekuwa mweupe kwa unga tangu nyusi mpaka vidole vya miguu, kwa hiyo soko lote lilimwita Vumbi.

Vumbi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mama, sikufichi. Mashine hii inasaga ya kila mtu, na wengine wanachanganya karanga kwenye unga wa watoto wao. Wewe njoo Jumamosi asubuhi kabla ya wote."

Na kila Jumamosi ikawa hivyo. Vumbi alifungua mashine, akaipiga brashi kila kona, akapitisha bakuli la mahindi yake mwenyewe ili yabebe mabaki, akayamwagia kuku, halafu ndipo akasaga mahindi na mtama wa Bosi. Baada ya hapo foleni iliruhusiwa. Hakuwahi kulisema hilo kama jambo kubwa.

Mke wa mwanawe alikubali, kwa sharti.

"Sawa, mama. Lakini siku ikitokea hitilafu, hata moja, unga nao utatoka supamaketi. Na chakula cha mtoto utaniachia mimi."

Bibi aliitika. Moyoni alijua maana yake. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, wiki mbili njiani, siku mbili nyumbani. Mkwewe alikuwa na kazi yake. Yeye, pale nyumbani, alichokuwa nacho cha kumfanyia mtoto kwa mikono yake mwenyewe kilikuwa ule unga.

Jumamosi hiyo mambo yalikwenda kombo tangu asubuhi. Mkwewe aliitwa shuleni kupiga chapa mitihani. Fundi bomba aliyesema anakuja saa kumi na mbili alikuja saa tatu, akiwa na kisingizio kirefu kuliko bomba lenyewe. Bibi akabaki nyumbani na Bosi, ambaye alikula ndizi moja na kutangaza kwamba hali kingine chochote mpaka uji. Mkwewe aliporudi, saa nne ilikuwa imepita. Bibi akachukua mfuko wa nafaka, akautia kikapuni, akatoka mbiombio.

Mashine ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zote, na foleni ilifika barabarani. Vumbi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kununua mkanda wa mashine. Aliyesimama pale ni mkewe, kitambaa puani, mikono ikienda huku na huku. Alipomwona Bibi akaupokea mfuko, akasema maneno fulani, akanyoosha kidole ndani, akasema tena. Kwa ule mngurumo Bibi hakusikia hata neno moja. Akaitikia kwa kichwa tu, kama watu wanavyofanya kwenye kelele, akaenda zake kununua vitunguu. Aliporudi, mfuko ulikuwa tayari, umefungwa vizuri. Akautia kikapuni, akashika njia. Masikioni alikuwa bado na kilio cha Bosi, na jambo la kuuliza halikumjia kabisa.

Uji ulipikwa. Bosi akakaa kitini kwake, kijiko mkononi, akawa mtu mwema kuliko wote duniani.

Bibi alikuwa kwenye karo, anatoa vitunguu kikapuni. Chini kabisa, pale mfuko wa unga ulipokuwa umekaa, aliona vitu vyekundu, vyembamba kama karatasi. Akauinua mfuko. Vingine vilikuwa vimenata kitakoni mwake. Akavisugua kwa kidole gumba.

Maganda ya karanga.

Hapo hapo, kufumba na kufumbua, yalimpita mawazo mawili. La kwanza, mtoto. La pili alilionea haya hata kabla halijamaliza kupita: maganda ni machache, maji yapo, hakuna aliyeona.

"Bosi, weka kijiko!" akapaza sauti. "Usimeze! Mama yake, mwondolee bakuli!"

Mkwewe alikuwa ameshafika na kuvuta bakuli kabla Bibi hajageuka. Nusu ilikuwa imeliwa.

"Kuna nini?"

Bibi akamwonyesha kidole chake.

Mkwewe alitazama. Rangi ya uso ikambadilika. "Mashine ilisafishwa?"

"Sijui."

"Vumbi amekuambiaje?"

"Hakuwepo. Alikuwepo mkewe."

"Ukamuuliza?"

"Sikumuuliza, mwanangu. Nilikuwa na haraka."

Alingoja apigiwe kelele. Kelele haikuja, na hilo lilimwumiza zaidi. Mkwewe alimsukutua Bosi mdomo, akachukua mkoba wenye dawa waliyopewa na daktari, akamfunga mtoto mgongoni.

"Zahanati," akasema. "Mashine iko njiani. Tutapita tuulize, maana daktari atataka kujua amekula nini hasa. Beba huo mfuko, mama."

Walitembea kama watu wanaofukuzwa. Bibi alifuata nyuma ya mgongo wa mkwewe, macho hayamtoki Bosi, anatafuta uvimbe kwenye kope, kwenye midomo, kwenye masikio.

"Mdomo unawasha, Bosi?"

"Hapana."

"Ulimi je?"

"Ulimi una uji," Bosi akajibu. "Nani anakula uji wangu?"

"Hakuna anayekula. Hebu vuta pumzi, Bibi nisikie."

Bosi akavuta pumzi, akaitoa usoni kwa bibi yake kama anayezima mshumaa, akacheka. Bibi hakuweza kucheka. Mara ile ya kwanza hata robo saa haikufika. Sasa zilikuwa zimepita dakika ngapi? Miguu ilikuwa ikienda yenyewe, yeye hayumo.

Mkwewe alipita foleni yote bila kuomba radhi, akasimama mbele ya mke wa Vumbi. Alisema, mashine ikayameza maneno. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, na kuonyesha mtoto mgongoni. Mke wa Vumbi akamtazama, akamtazama Bibi nyuma yake akiwa amekumbatia mfuko, akaenda ukutani akazima mashine.

Soko likanyamaza ghafla.

"Jamani, mbona umezima? Tunazeekea hapa!" mtu mmoja akalalamika kwenye foleni.

"Nyamaza wewe," akajibiwa na mama mmoja nyuma yake. "Mahindi yako yana homa?"

"Unga huu," mkwewe akasema. "Mtoto hawezi karanga. Kabla ya huu mlisaga nini?"

"Huyu ndiye Bosi?" mke wa Vumbi akashusha kitambaa puani. "Ule unga mimi sikuusaga."

"Hukuusaga?"

"Nisage vipi, na tangu asubuhi nimeshasaga michanganyiko ya karanga mara tatu? Mume wangu ameniwekea amri: mashine ikishaanza kazi za watu, nafaka ya Bosi haigusi. Leo alimngoja bibi, akamngoja, akaona kimya. Akachukua mahindi na mtama wetu wa nyumbani, akausaga wa Bosi kwanza kama kawaida, akauweka kabatini umefunikwa. Mimi nimeumimina tu kwenye mfuko wenu, baada ya kuukung'uta." Akaingia ndani, akatoka na ndoo. "Nafaka yenu hii hapa. Haijaguswa. Nilimwambia mama mara mbili, akaniitikia kwa kichwa, nikajua amesikia!"

"Sikusikia kitu," Bibi akasema taratibu.

"Mama, wewe umenunua unga miaka yote. Ukitoka kwenye mashine huwa wa moto, unaunguza mikono. Ulipoupokea leo ulikuwaje?"

Bibi alitazama viganja vyake. "Ulikuwa wa baridi," akasema. "Wa baridi kabisa."

"Basi ndiyo huo wa alfajiri."

"Na maganda je?" mkwewe akauliza. Hakuwa mtu wa kushiba maneno matamu. "Maganda ya karanga yalikuwa kikapuni."

"Bibi amepitia kwa mama wa vitunguu?"

"Nimepitia. Kikapu nilikiweka chini, miguuni pake."

"Leo jua limemhamisha. Amekaa ubavuni mwa wapepeta karanga. Nenda ukaone, hata nywele zake zimejaa maganda."

Mkwewe akageuka, akatazama. Kweli, meza ya tatu kutoka pale, upepo ulikuwa ukiyarusha maganda mekundu kama mvua ndogo, na mama wa vitunguu akiyapunga kwa mkono huku akigombana na jirani zake.

Akamfungua Bosi mgongoni. Mama aliyemnyamazisha mlalamikaji kwenye foleni akamsogezea benchi bila kuombwa. Mkwewe akamkagua mtoto chini ya mwanga, ulimi, shingo, tumbo. Nusu saa ilikuwa imeshapita. Kope zilikuwa kope, midomo ilikuwa midomo; zahanati haikuhitajika tena. Bosi alipotekenywa tumboni alijinyonga kwa kicheko, na mama yake akacheka naye, kisha machozi yakamtoka palepale akiwa anacheka.

"Haya, washa mashine yako," akamwambia mke wa Vumbi, akijifuta kwa mkono. "Watu wasizeeke."

Kabla hajaondoka alimsogelea, akaongea naye sikioni kwa muda. Bibi hakujua walichoambiana, ila alimwona mke wa Vumbi akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mkono wa karani ukatoka mweupe pepepe.

Njiani walikwenda polepole. Bosi alitembea mbele, akihesabu mawe na kuyaruka mengine.

"Mama," mkwewe akasema, "yale maganda uliyaona peke yako."

"Ndiyo."

"Ungeweza kuyamwagia maji."

"Ningeweza," Bibi akajibu. "Na wazo lilinipitia, sikudanganyi."

Walipita mlango wa supamaketi, ambako mlinzi alikuwa akimshikia mzee mmoja mifuko yake mpaka kwenye ngazi, na Bibi akamwona na kumpa salamu.

"Unga uendelee kutoka kwa Vumbi," mkwewe akasema mwishowe. "Mimi sikujua kuna mtu anaamka alfajiri kwa ajili ya mwanangu. Ila ukichelewa, mama, heri tulale na njaa. Biskuti na siagi bado nanunua mimi, na ninasoma."

"Soma, mwanangu. Biskuti ni zako."

Akataka kuongeza neno, lakini uchovu wa mbio zile ukamshika sasa, wakati hatari imeshapita, kana kwamba ulikuwa ukingoja ruhusa. Akashika ukuta. Mkwewe akamchukua kikapu, akampitisha mkono kwapani, wakakaa wote wawili kwenye ukingo wa barabara, mfuko wa unga kati yao. Bibi akashusha pumzi ndefu, akashusha na nyingine.

Bosi akarudi mbio, akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Kwa nini mmekaa?"

"Bibi anapumzika."

"Apumzike kidogo tu," Bosi akaagiza. "Halafu tukapike uji mwingine."