Kihenge cha Chuma

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Matano alitengeneza mjini Mbeya vitanda, milango, majeneza na majahazi. Vitanda, milango na majeneza alivitengeneza kwa mikono. Majahazi aliyatengeneza kwa mdomo.

Kila aliyekwenda kwake kuagiza stuli aliondoka na stuli na habari za jahazi moja. Majahazi hayo, alisema, aliyajenga kwao Pangani enzi za ujana, na kwa kuwa hakuna mtu wa Mbeya aliyeona haja ya kwenda Pangani kuyahesabu, yalizaana kwa amani kama kuku wasio na kicheche. Mwaka 1950 yalikuwa manne. Kufikia Juni ya mwaka 1954 yalikuwa saba, na la saba lilikuwa na milingoti miwili.

Ukweli, ambao tunautaja kwa heshima zote, ni kwamba Matano hakuwahi kujenga hata moja. Alikuwa kalafati. Kwa miaka mitatu alikaa chini ya vyombo vilivyojengwa na wengine, akisokomeza pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao ili maji yasiingie. Mtu pekee aliyejua hayo mjini alikuwa mkewe, Mbena wa Nyololo aliyepewa jina la Zuena siku ya ndoa, na Zuena alikuwa na tabia njema ya kutazama pembeni kila jahazi jipya lilipozaliwa.

Basi Jumanne moja lori likapanda kutoka Iringa, mashua mgongoni.

Haikuwa mashua ya kuvulia dagaa. Ilikuwa mashua ya Mzungu, ya tanga, ya kutembelea bahari kwa starehe, yenye chumba tumboni, vitanda viwili, na kabati lenye matundu ya kushikilia bilauri zisianguke mawimbi yakija. Bwana Muharami, mfanyabiashara wa mchele, aliinunua Tanga kwa mwenyewe aliyekuwa anarudi kwao. Jumamosi lori lingeiteremsha Mwaya, kwenye Ziwa Nyasa, ianze kubeba mchele.

Tatizo lilikuwa tangi. Chini ya vitanda, toka mbavu za kushoto hadi za kulia, lilijaa tangi la chuma la maji ya kunywa.

"Baharini lilikuwa na akili," alisema Bwana Muharami, akiwa amesimama uani kwake mbele ya nusu ya mji. "Lakini Ziwa Nyasa! Mtu akiona kiu anainama tu. Nibebe maji juu ya maji? Hapo pangekaa magunia kumi na tano. Tena kutu yake inaozesha mbao. Nalitaka nje, nalitaka zima likinge mvua msikitini, na sitaha isiguswe. Matano, wewe ndiye mjenzi wa majahazi saba. Haya."

Umati ukamgeukia Matano. Yeye akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu mkuu aliyeulizwa jibu ambalo mwenyewe analitafuta.

"Kazi ndogo," akasema, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye makubadhi.

Jumatano asubuhi akaingia tumboni mwa mashua, akang'oa vitanda na mbao za sakafu, akapima. Mlango wa kushukia ulikuwa na upana wa futi mbili. Tangi lilikuwa na upana wa futi tatu na nusu. Akapima tena, kwa kuwa mtu mwenye shida huwa hana imani na futi. Jibu likawa lile lile. Waliounda mashua walikuwa wameweka tangi kwanza, ndipo wakaifunika.

Nje alikuwa anasubiri Fanueli, seremala kijana aliyesomea ufundi misheni, mwenye cheti kilichotiwa kioo na msumeno uliong'aa kuliko cheti.

"Mzee Matano, majahazi yako saba yalikuwa hayana matangi?"

"Yalikuwa na mapipa, mwanangu. Pipa linabingirika."

"Basi tukate sitaha. Nimeshachora." Na kweli, alikuwa amepiga mstari wa chaki juu ya sitaha, umenyooka kama barabara ya bomani. "Tunafungua, tunatoa, tunafunika. Mpaka saa tisa tumemaliza."

Matano akapanda. Akapitisha kidole kwenye maungio ya mbao, taratibu, toka omo mpaka tezi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijua anachokigusa. Pamba ilikuwa imelala mle kama mtoto aliyeshiba.

"Hapana," akasema. "Ukikata hapa, utaziba leo, utaziba kesho, utaziba mpaka ufe. Mashua hii italia maji kila siku ya maisha yake. Futa chaki yako."

Alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia, na Fanueli akafuta, ingawa alifuta kwa mguu. Lakini kukataa njia mbaya si kuijua njema. Jioni ilimkuta Matano amekaa juu ya tangi, gizagiza tumboni mwa mashua, akitazama mistari myembamba ya mwanga iliyopenya ubavuni. Mbao zilikuwa zimekauka njiani kwa jua na vumbi, zikaachana. Vidole vyake viliona hayo na vikawashwa, lakini yeye alikuwa na msiba mkubwa zaidi. Jumamosi ikifika na tangi likiwa ndani, yale majahazi saba yangezama siku moja, na yeye nahodha wa yote.

Alhamisi hakwenda nyumbani kula, kwa hiyo chakula kikamfuata. Zuena alipanda ngazi na sufuria ya makande kichwani, akashuka ndani bila kuomba ruhusa ya mtu, akaliangalia tangi, akauangalia mlango, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, zake na za mashua.

"Unacheka nini, mama Siwema? Naaibika hapa."

"Nacheka kihenge, baba Siwema."

"Kihenge gani?"

"Hiki! Wewe hujaona vihenge kwetu? Ghala la mahindi linasukwa humo humo ndani ya nyumba, pana kuliko mlango. Siku tulipohama, kaka yangu alitaka kubomoa ukuta akitoe. Mama akamchapa. Akasema, mjinga wewe, kilisukwa ndani, kifumuliwe ndani. Tukakifumua, tukatoka na fito mkononi kama kuni, tukakisuka upya kule." Akagonga tangi kwa mwiko. "Sasa hiki kimesukwa kwa nini?"

Matano akainamisha karabai. Mabati manene, yamepandana kingo, yameshonwa kwa ribiti, misumari minene yenye vichwa pande zote mbili, safu kwa safu.

Akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akala makande yote, maana aliona ana kazi.

Yaliyofuata yanastahili kusimuliwa kofia mkononi. Tangi lilikuwa na tundu la juu la kusafishia, na Matano, ambaye wembamba wake ulikuwa umechekwa miaka yote, aliingia humo kama barua kwenye sanduku la posta. Yeye ndani na tindo, Zuena nje akishindilia nyundo nzito upande wa pili ili pigo lisipotee. Kichwa cha ribiti kikakatika, mwili wake ukasukumwa nje, na ribiti moja ikaanguka ikilia ting! Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Tangi lilivuma kama ngoma. Watu walioleta mbuzi mnadani walikuja kuuliza nani anaolewa. Matano alitoka kila baada ya ribiti ishirini, uso mwekundu kwa kutu, akavuta hewa kama kiboko, akarudi. Kila bati lilipolegea alilitia namba kwa chaki, ile ile ya Fanueli, likapita mlangoni kwa upande bila kukwaruza hata rangi. Chini alikuwa anayapokea Fanueli. Bati la kwanza alilipokea akitabasamu kwa kejeli. La tatu alilipokea kimya. Lilipotoka la sita, msumeno wake ulikuwa umesharudi kwenye mfuko wa zana.

"Mama," akamwambia Zuena, "misheni hawakutufundisha hii."

"Wangewauliza mama zenu."

Ijumaa alasiri bati la mwisho likatoka. Sitaha haikuwa na alama isipokuwa ya mguu wa Fanueli.

Bwana Muharami aliingia ndani, akatoka macho yamemlowa. Akapaza sauti watu wote wasikie: "Semeni sasa! Majahazi saba! Matano, kesho unakwenda na mimi Mwaya. Utanijengea la nane, kubwa, la kubeba watu."

Umati ukashangilia. Matano akasimama, ametapakaa kutu, na jahazi la nane likiwa pale mbele yake, la bure, linasubiri neno moja tu. Zuena safari hii hakutazama pembeni. Alimtazama yeye.

La kubeba watu.

"Bwana Muharami," akasema Matano, "mimi sijajenga jahazi."

"La nane, ndiyo, bado."

"Hata la kwanza. Nilikuwa kalafati. Nilitia pamba. Haya mengine niliyajenga hapa hapa, kwenye benchi langu, kwa maneno. Na tangi limetolewa na mama Siwema. Mimi nilikuwa tindo."

Fanueli ndiye aliyetangulia kuuliza, kwa unyenyekevu mkubwa: "Hata lile la milingoti miwili, mzee?"

"Hata hilo, mwanangu."

Watu wakaanza kucheka. Matano akainua mkono, kwa ile sauti yake mpya.

"Chekeni, haki yenu. Lakini, Bwana Muharami, ukiiteremsha hii majini kesho itazama mbele yako. Ingia ndani utazame ubavuni, utaona jua. Mbao zimeachana. Kumjengea mtu chombo sijui. Kukiziba, hapo sidhani kuna anayenishinda toka hapa mpaka Pangani."

Bwana Muharami akaingia tena. Alikawia. Alipotoka hakuuliza habari za majahazi.

"Unahitaji pamba kiasi gani?" akasema.

Jumamosi lori liliondoka na mashua, magunia mawili ya pamba, na Fundi Matano juu kabisa, amejifunga blanketi kwa ajili ya baridi. Wiki sita baadaye mashua ilibeba mchele wake wa kwanza bila kuingiza tone. Tangi lilishonwa upya na Fanueli msikitini, kwa kufuata namba za chaki, na linavuja kidogo kwenye kona moja, ambayo Fanueli anasema ni ya kuogea ndege.

Tangu hapo Matano hajaongeza jahazi hata moja. Akiulizwa amejenga mangapi, hujibu, "Hakuna," na watu humwagiza vitanda kuliko zamani. Ni Zuena sasa wa kuangaliwa. Mwezi uliopita sokoni alisikika akiwaambia wauza viazi kwamba amewahi kufumua vihenge vitatu vya chuma, na kimoja kilikuwa cha meli.

Matano alikuwa amesimama hapo hapo na kikapu. Akatazama pembeni.